Mama mkwe aliposema mkanda wangu haujakaa vizuri: nilivyofufua randa ya enzi za mkoloni hapa Chonyonyo

Wakuu, salamu kwenu, mlioko mjini na mlioko shamba. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimekuwa nasoma nyuzi za watu humu wanaojisifu kufufua friji na pikipiki, nikasema ngoja na mimi niweke langu mezani. Haya yamenipata mwenyewe, kwangu, mchana kweupe. Chumvi sijaongeza. Kama kuna chumvi, ameongeza mke wangu wakati ananikumbusha, mumdai yeye.

Mimi ni seremala, naishi Chonyonyo, Karagwe. Shule niliishia la nne. Mwalimu alinichoka, na mimi nikamchoka, tukaachana kwa amani.

Lakini nyumba ninayolala nimejenga mwenyewe, milango nimepiga mwenyewe, na karakana iko hapo hapo nyuma ya nyumba, watu wanatoka Omurushaka kuja kuishangaa. Vitanda vya maharusi wa kata hii, vingi vimetoka kwenye mikono hii. Havilii. Aliyeelewa ameelewa.

Na kama kuna kitu Mungu alinipa kwa upendeleo, ni mashine za zamani. Mashine mpya hata mtoto anawasha. Ya zamani inataka mtu mwenye akili zake.

Sasa story iko hivi.

Ukweni kwangu, huko Kyerwa, kulikuwa na mashine ya randa. Kwa wasioijua, ni meza ndefu ya chuma iliyokatika katikati, na hapo katikati kuna ngoma inayozunguka yenye visu. Unasukuma ubao juu yake, ukitokea upande wa pili umenyooka na ni laini kama shavu la mtoto.

Hii ni ya miaka ya hamsini, wakuu, kabla ya Uhuru. Babu wa mke wangu, yaani baba yake mama mkwe, alikuwa fundi kwenye karakana moja ya misheni. Mabruda wazungu walipoletewa mashine mpya, hii wakampa yeye. Akaifungua vipande vipande, ikabebwa begani kama mgonjwa, watu wanapokezana njia nzima mpaka kwake.

Umeme nani angekuwa nao wakati ule. Ilivutwa na injini ya dizeli ya kuzungusha kwa mkono. Injini ikianza kukohoa asubuhi, majirani wanajua fundi ameamka, anayedaiwa mbao ajifiche.

Watu walikuwa wanakuja na vibuyu vyao vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanakaa tu kuangalia ubao unavyolambwa. Inasemekana kuna mzee mmoja alikataa kabisa kusogea. Alisema chuma kinachokula mti leo, kesho kitaomba mboga.

Mama mkwe alikua ndani ya kelele hizo. Baba yake alikuwa na masikio mazito kwa sababu ya injini, kwa hiyo binti ndiye alikuwa masikio yake. Mashine ikibadili sauti, binti anamgusa bega, mzee anazima. Hayo niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema, uzi huu usingekuwepo.

Babu alipofariki injini ikauzwa, mashine ikaachwa kwenye kibanja, shamba la migomba, chini ya mabati. Kuku wakaona ni maternity. Wametagia humo miaka na miaka.

Mke wangu mwenyewe hajawahi kuiona ikizunguka. Yeye anaijua kama mahali pa kutafuta mayai. Hilo nalo lishikeni, litawasaidia kunihurumia.

Mwaka mmoja kikaitwa kikao cha familia. Kaka mkubwa wa mke wangu, Projestus, mnunuzi wa mazao pale Omurushaka, akasema ile takataka iondoke, kuna lori linazunguka kununua vyuma chakavu, ikatwe vipande ipakiwe.

Mimi hapo nilikuwa nimeshakunywa vizuri, nikasimama.

"Mashine haikatwi. Nipeni mimi niifufue."

Projestus akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji, utafufua nini? Humo kuku wametaga mpaka wamefika kustaafu."

"Nitaifufua, na ubao wa kwanza nitakutengenezea kigoda ukae utazame."

"Haya, chukua. Lakini siku lori likirudi nitalileta mwenyewe kwako. Likikuta inakula mbao, ni yako mpaka ufe. Likikuta haili, inapanda lori, na wewe ndiye utashika upande mzito."

Nikasema sawa, mbele ya ukoo mzima. Mtu wa la nne haogopi mtihani, ameshaacha shule.

Nilidhani ni ubishi wangu na Projestus tu. Tuko njiani kurudi, mke wangu akaniambia, "Baba Jovin, mama leo hajala. Ile mashine ndiyo kitu pekee cha baba yake kilichobaki. Ukishindwa, usirudi kule kwetu na mdomo huo."

Basi wakuu, hapo ndipo ikawa kazi kweli.

Haikupita muda mama mkwe akasumbuliwa na mguu. Ikabidi aje atibiwe hospitali ya Nyakahanga, akafikia kwetu maana ni karibu.

Sasa niwaeleze vijana wa siku hizi, na wale wa mikoa ambayo watu wanakumbatiana na wakwe zao. Huku kwetu, kwa watu wa umri wa mama mkwe, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni. Ni heshima. Wengi wameacha, yeye hajaacha, na mimi siwezi kuwa wa kuanza.

Nikampa kijumba cha nyuma. Kijumba kile kinatazamana na karakana, kina dirisha moja. Asubuhi nasimama mbali, nainamisha kichwa, nauambia ukuta shikamoo mama. Ukuta unajibu marahaba mkwe wangu. Tukitaka kusema zaidi ya hapo, katikati lazima apite mke wangu. Yeye ndiye simu yetu.

Mashine nilikuwa nimeshaisafirisha kutoka Kyerwa mpaka karakana, nikaanza kazi.

Kutu kwanza. Niliipaka mafuta ya taa meza yote, nikaiacha ilale nayo, kisha msasa taratibu kufuata urefu wa meza, sio kuzungusha zungusha kama unaosha sufuria. Ikaanza kung'aa. Nikapata na mayai mawili, hayo sikuyatumia.

Beringi. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama sabuni ya kipande. Nikazitoa, nikazilaza kwenye mafuta ya taa, nikazizungusha kwa kidole huku nimeweka sikio. Moja ilikuwa laini. Nyingine ilikuwa inasaga kama mtu anatafuna mchanga. Hiyo ukiirudisha umejidanganya mwenyewe. Nikasoma namba yake, nikaenda Omurushaka, nikakuta namba ile ile kwenye beringi za mashine za kukoboa kahawa. Wenye vyeti wangeagiza Dar.

Visu. Nikanoa kwenye jiwe kwa maji. Kuvifunga ndio kazi, maana vyote lazima viwe kimo kimoja. Unaweka kipande cha mti kilichonyooka juu ya meza ya kutokea, unazungusha ngoma kwa mkono, na kama mota imeshafungwa, umeme uwe umechomolewa kabisa. Kisu kinatakiwa kiuguse mti kama mtu anayepapasa, kisiunyanyue. Nilifanya hivyo kisu baada ya kisu mpaka shingo ikauma.

Injini hakuna, nikatafuta mota ya umeme iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Nikaifunga upande ule ule ilipokuwa injini ya babu, maana vitako vya mashine vilikuwa vimeshakaa hivyo. Upande huo ndio unaotazamana na dirisha la mama mkwe. Nikavisha mkanda mpana wa ngozi kutoka puli ya mota mpaka puli ya ngoma. Umenyooka, safi, kama barabara ya lami.

Nikawasha.

Wakuu, ilinguruma. Nilisikia raha mpaka nikaimba. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Nikaweka ubao.

Haukukatika. Ulitoa moshi. Nikautazama kwa chini, umekuwa mweusi na unang'aa kama umepigwa pasi. Unga kidogo tu, maranda hakuna.

Nikasema visu butu. Nikavitoa, nikanoa upya.

Jioni mke wangu ananiwekea ndizi na maharage, haniangalii.

"Baba Jovin."

"Sema."

"Mama anasema mkanda wako haujakaa vizuri."

Ndizi ikabaki njiani kuelekea mdomoni.

"Mkanda wangu?"

"Ndivyo alivyosema. Anasema ameuona pale dirishani. Anasema sio adabu kuingilia mambo ya mkwe, lakini roho inamuuma, hawezi kunyamaza."

Sasa wakuu, hapa mnielewe. Mimi nina kitambi, na sikukipata kwa bahati mbaya, nimekitafuta. Suruali yangu ya kazi nilikuwa naifunga na mkanda wa zamani uliokatika tundu. Na kazi ya beringi ni ya kuinama. Na dirisha lile liko nyuma yangu.

Nikapiga hesabu ya yote niliyoinamia tangu mama mkwe afike. Jasho likanitoka.

"Ameona nini hasa?"

"Sikumuuliza. Wewe ungemuuliza?"

Usiku ule sikula zaidi. Huko kwao mkwe akionekana maungo na mama mkwe, watu wanazungumza mpaka mjukuu anaoa.

Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Omurushaka, nikanunua mkanda mpya wa suruali, wa ngozi, bizimu yake kubwa kama ya askari. Nikarudi nimechomekea. Nikapita mbele ya dirisha, nikarudi, nikapita tena, natembea kwa heshima, ili mzazi aone kosa limerekebishwa.

Ndani nikasikia anakohoa tu.

Nikafunga visu, nikawasha. Moshi ule ule.

Jioni, simu yetu ikaja tena.

"Mama anasema bado."

"Bado nini? Huu mkanda ni mpya."

"Nimemwambia umenunua mpya. Amesema upya hausaidii. Amesema umelegea."

Kesho yake nikaukaza mpaka tundu la mwisho. Nikawa napumua kwa foleni. Nikiinama naona nyota. Nikashusha meza kidogo nikidhani ubao unapita juu sana, nikajaribu, moshi. Nikapandisha, moshi. Na nikikandamiza ubao kidogo unataka kunitoka mikononi, unakimbilia mbele kama ndama aliyeona mama yake. Nikajiambia hiyo ni nguvu ya mota.

Jioni mke wangu amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage, naona bega linamtikisika. Anazuia kicheko.

"Haya sema tumalize."

"Mama anasema umeunyoosha. Anasema mkanda wa hivyo haunyooshwi."

"Unafanywaje?"

"Unapishana. Anasema wa marehemu baba yake ulikuwa unapishana katikati, kama namba nane. Siku zote. Hakuwahi kumuona hata siku moja na wa kunyooka. Anasema usipoupishanisha, kila kitu chako kitakuwa kinaenda kinyumenyume."

Nikaupapasa wangu kiunoni.

Mkanda unaopishana. Wa kizamani. Wa mzee aliyefanya kazi kwa wazungu.

Nikaona mwanga, wakuu. Nikawaona wale wazee wa enzi hizo kwenye picha, makatekista na makarani, wana ile mikanda miwili inayotoka kiunoni, inapanda mabegani na kupishana mgongoni. Inashika suruali hata ukiinama siku nzima. Kumbe mama mkwe ananifundisha ustaarabu wa babu yake mke wangu. Nikasema huyu mama ananipenda kweli.

"Mwambie nimeelewa," nikamwambia mke wangu. "Kesho ataona."

Siku ya gulio nikaingia kwenye mitumba. Nikafukua, nikaulizia, mwenye nguo akaniuliza kama natafuta ya kwaya. Nikaipata. Myekundu, ina mistari, nadhani kule ilikotoka ilikuwa ya mtu wa sarakasi.

Nikafika nyumbani nikaivaa. Mke wangu alikuwa ameenda Nyakahanga kuchukua dawa za mguu wa mama, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunizuia. Nikatoka nje, nikasimama pale karakana, nikauambia ukuta shikamoo mama, kisha nikageuka polepole nimpe mgongo, aone palipopishana.

Nikakaa hivyo hivyo, nimetanua mabega.

Halafu nikasikia kitu kama kuku amekabwa. Halafu kikawa kicheko. Mama wa watu alicheka, wakuu. Alicheka akapiga ukuta kwa kiganja. Mguu unauma, lakini anacheka. Nasikia anasema peke yake, "Ee Mungu, umenipa mkwe gani huyu."

Nikajua amefurahi. Na mimi nikatabasamu.

Hapo hapo honi ikalia barabarani. Lori.

Projestus akashuka, nyuma yake vijana wa kupakia, wana kamba na magogo ya kuviringishia. Akaniangalia kuanzia miguuni, akafika mabegani akasimama.

"Shemeji, umehamia bendi gani?"

"Ingia ndani uone kazi."

"Inakula?"

"Inakula."

Nikajua naongopa, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. Nikawasha. Ikanguruma, vijana wakarudi nyuma, Projestus akakunja uso. Nikachukua ubao wa mninga, sio wa kujaribia, wa kweli. Nikasema leo naukandamiza mpaka uitike.

Nikaukandamiza.

Ubao ulinichomoka mikononi. Sikuuona ukiondoka. Ulipita mlangoni umenyooka kama mkuki, ukaingia migombani, tukasikia paa. Mgomba ukainama taratibu, kama mtu anayesujudu, ukalala chini na mkungu wake.

Kijana mmoja akapiga makofi.

Projestus akautazama mgomba, akanitazama. "Shemeji, hukusema kama unatengeneza mashine ya kuvuna."

Nikazima.

"Pakieni," akasema.

Vijana wakapitisha kamba chini ya mashine. Mmoja akaanza kufungua mota. Nikaona kamba inakazwa juu ya ile meza niliyoisafisha kwa mkono wangu, nikakumbuka maneno ya mke wangu njiani. Mama hajala.

Ndipo dirisha likafunguka kwa nguvu.

"Projesti."

"Naam mama."

"Mwambie mkwe wangu ageuze mkanda."

Projestus akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Shemeji, mama anasema tupakie haraka, jua linazama."

Nimesikia kwa masikio yangu alichosema, lakini mimi nafanyaje? Nikijibu moja kwa moja nimevunja heshima. Nikabaki nimeshika ile mikanda mabegani, nafikiri, ageuze? Niuvae mbele nyuma?

Pale chini ya dirisha kulikuwa na kuku wangu mwekundu anachakura. Mama mkwe akamwinamia yule kuku, akasema naye, sauti ya kufika Omurushaka.

"Wewe kuku, nisikilize wewe, maana niliowazaa hawana masikio na waliooa kwangu wana mizaha. Kuku, nani amekuambia mimi nahangaika na suruali za watu? Nasema mkanda wa mashine. Wa mashine, kuku. Ule unaotoka kwenye mota. Baba yangu aliufunga ukipishana kama nane, kwa sababu injini ilikuwa inazunguka huku na ngoma inatakiwa izunguke kule. Mtu ameunyoosha, visu vinarudi kinyume, vinapiga ubao kwa kisogo. Nimeisikia tangu siku ya kwanza inavyolia vibaya. Umesikia, kuku?"

Kuku akasema kokoko.

Nikaiachia ile mikanda ya mabegani.

Projestus akanitazama mabegani. Akatazama mkanda wa mota. Akarudi mabegani. Ndipo akaelewa, na alipoelewa akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akacheka hana sauti, machozi yanamtoka. Vijana hawajui kinachochekwa lakini nao wakacheka.

Mimi sikucheka. Nikamwambia kuku, "Kuku, mwambie aliyekutuma nashukuru."

Nikafungua mkanda. Kabla ya kuuvisha nikazungusha ngoma kwa mkono nikaangalia makali ya visu yameelekea wapi. Ni kweli. Yalitakiwa yaje upande wangu, yaupokee ubao ninaposukuma. Mota ilikuwa inayapeleka upande wa pili, mgongo wa kisu ndio unasugua. Ndio maana moshi, na ndio maana ubao ulikuwa unavutwa kukimbia.

Nikaupindua mkanda mara moja, nikauvisha ukipishana. Nane kamili.

"Projesti, toa kamba," nikasema.

"Lori linasubiri, shemeji."

Dirisha likasema, "Kuku, mwambie Projesti mimi ndiye niliyebeba mimba yake."

Kamba ikatoka, na mota nikaikaza tena.

Nikawasha. Sauti ilikuwa nyingine. Siwezi kuieleza, ile ya mwanzo ilikuwa inapiga kelele, hii ilikuwa inafanya kazi. Nikachukua ubao mwingine, nikasimama pembeni kidogo, sio nyuma yake, nikausogeza polepole.

Maranda yakaruka, wakuu. Marefu, yamejikunja, yananukia mninga. Yakamdondokea Projestus kichwani pale chini alipokaa, hakuyatoa. Aliupokea ubao akapitisha kiganja, akapitisha tena. Mara akaacha kucheka kabisa.

"Nilikuwa nimeisahau harufu hii," akasema.

Lori likaondoka na masufuria mabovu ya jirani.

Naona kuna mkuu ameshaniuliza hapo chini kwa nini nisingegeuza tu waya za mota izunguke upande wa pili. Swali zuri, umesoma. Mota nyingi unafungua kiboksi unahamisha waya za kuanzia inageuka. Hii yangu iliwahi kusukwa upya na fundi aliyeziunganisha humo humo ndani, hakuna waya wa kuhamisha mpaka uipasue. Na mkanda unaopishana unakumbatia puli zaidi, hauslipu. Babu alijua. Ila usichezee mkanda mpana ukiwa unatembea, utakuchukua mkono, na uwekee kinga ya mbao kama nilivyoweka mimi.

Na wewe uliyeuliza picha ya mikanda myekundu, hapana.

Sasa mwisho wake.

Mke wangu aliporudi na dawa alikuta mimi na Projestus tunakula mkungu ulioanguka. Akaenda kwa mama yake, akarudi.

"Mama anasema anataka kupitisha ubao mmoja."

"Yeye mwenyewe? Na mguu ule?"

"Anasema mguu hausukumi ubao."

Nikafikiri. Akiingia karakana, mimi siwezi kuwemo. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo nikaiwasha, nikaacha ubao mwembamba mezani na kijiti cha kusukumia, nikatokea mlango wa nyuma, nikaingia migombani nikasimama huko na mgongo wangu umegeukia nyumba. Mke wangu akamshika mama yake mkono wakaingia.

Mimi mwenyewe niliyeitoa kutu, niliyenunua beringi, niliyenoa visu, sikuona. Nilisikia. Mashine inaimba peke yake, inaimba, halafu ubao ukaingia, sauti ikashuka na kuwa nzito, ikaenda sawasawa bila kutetemeka mpaka mwisho, ikapanda tena. Ubao umepita.

Halafu sikusikia kitu muda mrefu, mashine tu. Mke wangu anasema mama yake alikuwa ameinama anaokota maranda, anayaweka kwenye kanga.

Mguu ulishapona, wakuu. Ulipona zamani. Lakini Kyerwa harudi. Kila akisikia nimewasha, kigongo chake cha kutembelea kinagonga mlango wa karakana, na mimi, mwenye karakana, mwenye mashine niliyoipata kwa ubishi mbele ya ukoo mzima, natokea mlango wa nyuma naenda kusimama migombani. Wateja wakija wananikuta huko. Wanauliza fundi yuko wapi, mke wangu anawaambia fundi yuko ndani, yule pale shambani ni mume wangu.

Funzo ni hili. Mashine ya zamani ikikataa kazi, usianze kunoa. Chomoa umeme, zungusha kwa mkono, uangalie inaenda wapi. Beringi iulize kwa sikio. Na ukitumiwa ujumbe kuhusu mkanda, uliza ni mkanda gani kabla hujaenda mitumbani.

Nyie wenye mashine za wazee wenu, zilikataa nini na nani alizitibu? Leteni hapa. Hata Projestus yumo humu, najua anasoma, na yeye aseme kigoda chake kinamkaaje.